Siku Sauti Yangu Ilifunga Njia ya Kpandroma

Bunia, mutaa wa Bigo. Siku ya ine, Alhamisi kwa nyinyi mnaonisoma mkiwa mbali. Saa kumi na mbili kasoro robo za mangaribi. Mvua imekatika, njia yote ni matope, na jirani yangu anagombana na kuku wake waliolowa. Pembeni yangu kuna mutu. Ni nani, nitasema mwishoni.

Leo ninajivuna. Nasema mapema, ili asiyependa watu wa kujivuna afunge ukurasa huu aende zake salama.

Lakini kabla ya kujivuna lazima nikiri. Asubuhi ya leo karibu niue mutu kwa mudomo wangu mwenyewe, tena kwa maneno niliyoyasema miaka miwili iliyopita.

Wanaosoma hapa wananijua: Mama Jolie, muuza maharagi. Maharagi yangu inatoka Kpandroma, kule juu kwenye baridi, na anayeniletea ni Mama Charité. Miaka tisa sasa tunafanya kazi pamoja. Nimeshika mutoto wake wa mwisho siku ya ubatizo, na yeye amenizikia mama yangu, alikaa matanga mpaka siku ya mwisho. Hatuko kabila moja. Miye watu wangu ni wa Mahagi. Watu wake yeye na watu wengine wa hapa mujini wamezikana sana, na majina ya makabila sitayaandika. Wa Ituri wanajua, na wa mbali wataelewa bila kuambiwa.

Siye mama wa maharagi tuko na grupe yetu mu telefone. Wako wa Kpandroma, wako wa vijiji vya njiani, wako wa Bunia, wawili watatu wanauzia mpaka Gety. Tuliifungua kwa ajili ya kuulizana: gari imetoka? Njia iko namna gani? Maharagi mekundu imepatikana? Ilikuwa grupe ya amani kabisa, ugomvi wetu mukubwa ulikuwa juu ya mama mumoja aliyekuwa anatuma maombi ya asubuhi yenye maua kumi na tano kila siku.

Halafu vita ikaingia mulemule.

Miaka miwili nyuma, siku moja, risasi zililia upande wa njia ya Kpandroma. Hiyo ni kweli, nilizisikia na masikio yangu. Nikashika telefone, nikalia: "Bamama, banashuka! Banatoka kule juu, bako ndani ya magari, bamevaa kama raia! Mujilinde!" Sekunde ishirini tu. Nikatuma.

Sasa sikieni aibu yangu. Risasi nilizisikia. Hayo mengine, ya magari na ya kuvaa kama raia, sikuyaona. Motard mumoja, dereva wa pikipiki, alipita mbio na moto yake, akayasema kwa kelele, na miye nikayabeba kama yangu. Mangaribi ile tukajua ni askari na wezi wa ng'ombe walirushiana risasi, basi. Ndani ya magari hakukuwa na mutu yeyote. Sikusahihisha. Nilijiambia, si imekwisha?

Haikuisha.

Leo saa tatu za asubuhi, niko kwenye meza yangu sokoni, binamu yangu anayeishi Ulaya ananitumia audio. Juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: BUNIA LEO! SAMBAZA HARAKA! Nafungua. Nasikia mwanamuke analia. Nikasema, masikini, huyu mama wa watu. Sekunde tano nzima zilipita ndipo nikajua huyo mama wa watu ni miye.

Nilicheka kwanza. Naandika kila kitu, basi na hiki niandike: nilicheka. Nikamujibu binamu kwamba hiyo ni ya zamani, akanijibu kwamba huko kwake watu wote wameisambaza, mpaka mu grupe ya parokia. Mutu amekaa kule kwenye baridi, hawezi hata kunusa moshi wa Ituri, lakini anatugawia vita ya kula asubuhi na chai.

Kicheko kilikatika nilipoinua kichwa. Muuza sabuni wa mbele yangu alikuwa anafunga meza. Mama wa mboga walikuwa wanakusanya. Watu walikuwa wanashika watoto mikono na kuondoka haraka bila kukimbia, namna siye wa Bunia tunavyojua kuondoka. Kila telefone ilikuwa inalia na sauti moja, na sauti yenyewe ilikuwa yangu.

Saa tatu na nusu Mama Charité akanipigia.

Alikuwa ndani ya gari ya mizigo, juu ya magunia yetu. Vijana walikuwa wameweka barieri ya miti na mawe pa kuingilia muji. Wamewashusha abiria wote, wamewakalisha chini, wanaomba karata za utambulisho kuangalia mutu alizaliwa wapi na jina lake ni la upande gani. Mukubwa wao ni motard mumoja anaitwa Dieume. Mama Charité alikuwa ananong'ona. Nyuma ya sauti yake nikasikia sauti yangu, inapigwa mu telefone ya mutu, inamalizika, inaanzishwa tena.

"Mama Jolie," akaniambia, "banasema ni weye ulisema."

Ikakatika.

Nilikaa juu ya gunia tupu.

Nikarekodi haraka: "Bandugu, ile audio ni ya zamani, miye ndiye Mama Jolie, njia iko salama, muache batu bapite." Nikatuma mu grupe yetu na mu grupe zote nilizo nazo. Nikangoja majibu. Yalikuja, na leo nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri: mutu anaweza kukataliwa kwamba yeye ni yeye.

Mumoja: huyu si Mama Jolie, Mama Jolie wa kweli analia, huyu anasema taratibu kama mutu wa radio. Mwingine: wamemushika, wamemuwekea bunduki kichwani. Mwingine: ni ile mashini ya kuiga sauti, zinatoka nyingi siku hizi. Mwingine, huyo namujua, ameshakula maharagi yangu bila haya: amenunuliwa. Na mumoja akaandika, kama ni weye kweli, lia tukusikie.

Eh! Kulia nililia, lakini sikumurekodia.

Uwongo wangu wa zamani ulikuwa na machozi na risasi. Ukweli wangu wa leo ulikuwa na maneno tu.

Hapo nikamukumbuka Papa.

Kwa wasiomujua: Papa alikuwa mutu wa foni. Mbele ya telefone kufika, kule kwetu Mahagi habari zote zilipita mu foni, ile radio ya kuongea mbali, iliyokaa ndani ya kachumba nyuma ya parokia, na batri ya gari na waya mrefu umefungwa kwenye miti miwili ya mikalitusi. Mutu amekufa, foni. Dawa imekwisha, foni. Mutoto amefaulu masomo, foni. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nakaa chini ya meza yake, nashika waya ambao alinikataza kuushika.

Papa alikuwa mukali kwa jambo moja. Hakuna habari iliyoingia wala kutoka bila mambo matano mbele yake: jina, mahali, saa, mbingu iko namna gani, na nani yuko pembeni yako. Halafu useme ulichokiona. Kama uliambiwa, useme aliyekuambia. Mutu aliyeanza kulia mu foni bila kusema saa, Papa alikuwa anamukatiza: "Saa kwanza, machozi baadaye." Watu walimuona hana moyo. Miye pia nilimuona hivyo, mpaka nikaolewa nikahama.

Siku moja nilimuuliza kwa nini mbingu. Akaniambia, saa mutu anaweza kudanganya, lakini mvua haimusikilizi mutu. Kama ni uwongo, aliye jirani atatazama juu na kusema hapana.

Nikatazama juu. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa kiwanja cha ndege, limebeba maji mpaka limeinama, na upepo unalisukuma upande wa barieri.

Nikainuka, nikaruka meza tatu mpaka kwa mama wa makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi. Mama huyu ni mama muzazi wa Dieume. Ndiyo, yule yule. Dieume si shetani, naomba muelewe. Kila juma anabeba magunia yangu kwa moto yake, na ile njia ilimulia mudogo wake, aliuawa hukohuko. Alisikia sauti ya mutu anayemuamini inasema wanakuja, akaogopa, na woga wa mwanaume wa hapa unageuka mawe na miti barabarani haraka sana. Mama yake alikuwa anafunga samaki wake akimbie. Nikamushika mukono, nikamuambia yote, hata ile ya motard aliyepita akipiga kelele. Akafungua tena kitambaa cha samaki, akasema, "Washa."

Naiandika hapa kama ilivyokuwa, maana nimeisikia leo mara nyingi sana:

"Hapa Bunia, soko. Mama Jolie, muuza maharagi. Leo siku ya ine, saa ine na dakika kumi. Mbingu: wingu jeusi juu ya kiwanja cha ndege, linakuya upande ya barieri, haitapita dakika kumi na tano mutalowa. Pembeni yangu iko mama wa Dieume. Ile audio ya mwanamuke analia, ni miye, ni ya miaka mbili. Risasi nilisikia. Batu ndani ya magari sikuona. Niliambiwa, na nilikosa. Kila mama wa grupe aseme ya kwake sasa hivi, hivi hivi. Nampa mama aseme."

Na mama akasema. Alimuita Dieume kwa jina la utotoni, ambalo siwezi kuliandika kwa heshima yake, maana ni jina la mutoto aliyekuwa anakojoa kitandani. Akamuambia, "Hawa banamama uliokalisha chini mu baridi, mumoja wao aliniletea maharagi siku ya matanga ya mudogo wako. Angalia mbingu. Halafu angalia roho yako."

Tukatuma mu telefone ya Dieume na mu grupe zote.

Sasa ngojeni niwaambie kwa nini ninajivuna. Si kwa ajili ya hiyo audio. Ninajivuna kwa kile kilichofuata, maana sikuwafundisha bamama wangu kitu, niliwapa mufano mara moja tu.

Ya kwanza ilitoka Kpandroma penyewe. "Hapa Kpandroma, soko. Mama Gisèle. Saa ine na dakika kumi na ine. Jua kali. Pembeni yangu iko muuza chumvi. Magari mbili inapakia kabichi na maharagi. Risasi hakuna." Ikafuata ya kijiji cha chini yake: jua, pembeni yangu iko katekista. Ikafuata nyingine: mawingu kidogo, pembeni yangu iko askari wa zamu, anakataa kusema jina lake lakini anacheka. Ikafuata nyingine, na nyingine, zinashuka ile njia kama vile gari yenyewe inavyoshuka. Mama mumoja hakuwa na mutu karibu, akasema, "Pembeni yangu iko mbuzi," na mbuzi akalia kweli. Yule mama wa maombi ya maua kumi na tano, ambaye tumemusema sana, alikimbia mpaka barabarani na kuhesabu magari kwa sauti, anapumua mpaka unamuonea huruma. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeongeza chumvi. Wengi wao hawakusoma hata darasa la pili.

Ndani ya dakika kumi njia nzima ya Kpandroma ilikuwa ndani ya telefone, jua lake na mawingu yake, na mama wa Dieume alikuwa anamurushia mutoto wake zote.

Nilimupigia Mama Charité. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mama wa Dieume alikuwa ameshika kitambaa changu cha kiunoni, hakuniachia, na miye sikutaka aniachie. Tukatazama lile wingu linavyovuka juu ya mabati. Sijawahi kuiombea mvua hivyo, na miye ni muuza maharagi, mvua kwangu ni adui.

Saa ine na nusu hivi ikaingia audio moja mu telefone ya mama. Ilianza na kelele tupu, kelele ya mvua inapiga turubai. Halafu Dieume, pole pole: "Mama, mvua imefika. Banapanda gari."

Mama wa makayabu alikaa chini kwenye matope na kitambaa chake kizuri. Nikakaa naye.

Gari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri. Mama Charité alishuka, magoti yake yote ni matope, kiatu kimoja hakuna. Sikujua nimukimbilie au nijifiche. Hakunisalimia. Akasimama mbele yangu akasema kwamba alikaa chini na mikono kichwani, na sauti yangu ilikuwa inapigwa juu yake mara nane, aliihesabu, na kila mara alikuwa anajiambia, huyu ndiye aliyemushika mutoto wangu ubatizoni. Nikamuambia yote, ya risasi na ya motard, na ya kunyamaza kwangu. Nilitaka anipige. Akasema, "Shusha magunia, maharagi inalowa. Hasira nitakuwa nayo mangaribi."

Tukashusha magunia.

Mchana, nilipokuwa ninapima maharagi, akaja kijana mumoja wa suti, anafanya kazi kwa mheshimiwa fulani anayetafuta kura. Alitaka nirekodi audio nyingine kidogo tu, niseme kwamba mheshimiwa ndiye aliyetuliza njia. Sauti yangu sasa inajulikana, alisema, tusiipoteze. Nikamuuliza: mheshimiwa wako, saa ine na dakika kumi, alikuwa wapi, mbingu ilikuwa namna gani, na nani alikuwa pembeni yake? Akasema atauliza. Mpaka sasa bado anauliza.

Ninafikiri sana mangaribi hii. Zamani mwenye vita alikuwa mwenye bunduki, na mwenye siasa alikuwa mwenye gari na kipaza sauti. Leo miye, mama wa maharagi, sekunde ishirini zangu zimefunga soko na kukalisha watu kwenye mawe. Nguvu hiyo sikuiomba. Lakini ninayo, na weye unayesoma unayo, imo ndani ya mufuko wako pamoja na funguo.

Na ile audio haifutiki. Nimeifuta kwangu, lakini imo ndani ya telefone za watu nisiowajua, mu nchi nisizozijua. Siku moja itarudi tena. Nitazeeka, na yule mwanamuke ataendelea kulia kwamba wanashuka. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini na hii nyingine nayo inatembea. Motard wameanza kuitumia mu grupe yao. Wauza samaki wa ziwani wameanza. Wanasema "fanya foni" wakitaka mutu aseme vizuri. Mangaribi hii nimesikia mutoto wa jirani anamuambia mama yake, "Saa kwanza, machozi baadaye," na sikujua nicheke au nilie.

Saa kumi na moja ilinifikia audio kutoka Mahagi. Papa hana telefone ya namna hii na anazichukia. Ilikuwa audio yake ya kwanza mu maisha yake yote:

"Hapa Mahagi, nyumbani. Muzee wa foni. Saa kumi na moja kamili. Mawingu, upepo kidogo. Pembeni yangu iko mwenye telefone, anasema nisimalize batri. Mutoto wangu, audio yako imenifikia, nimekupata sanki siri sanki." Hivyo ndivyo anavyoitamka namba ya foni, tano juu ya tano kwa Kifaransa, ya kusema nakusikia bila kasoro. Kwa miaka arobaini na mbili ya kuwa mutoto wake hajawahi kuniambia kitu kizuri kuliko hicho. "Ila mwishoni hukusema terminé. Mutu atajuaje umemaliza? Na yule mama wa gari, amefika? Nangoja jibu."

Gari ya kurudi Kpandroma ni kesho, kwa hiyo usiku huu mugeni wangu analala kwangu. Nimemupa kikwembe kikavu cha kujifunga na viatu vyangu vya kanisani. Hasira yake aliianza wakati wa chai kama alivyoahidi, na ilikuwa ya haki, na nimeinywa yote.

Sasa hivi nimemujibu Papa. Naacha jibu hapa, halafu nafunga, maharagi iko jikoni:

"Hapa Bunia, Bigo. Mama Jolie. Saa kumi na mbili na nusu. Mvua imekatika. Pembeni yangu iko Mama Charité, anachagua maharagi na kutoa mawe. Nampa aseme mwenyewe."

Akajipangusa mikono. Akainama kwenye telefone.

"Niko," akasema. "Terminé."